Povu Mikokoni

Ujia wa mafundi simu ulikuwa umefurika tangu asubuhi. Watu walibanana mbele ya vibanda, na vipaza sauti vya wauza chaja vilishindana mpaka masikio yakaziba. Mbele ya kibanda cha mwisho alisimama kijana mrefu aliyevaa buti za mpira, suruali imekakamaa kwa tope hadi magotini, begani ananing'iniza mfuko wa wavu wenye kamba na ndoano. Fundi aliifungua simu yake, akaigonga mezani. Mchanga mweusi ukamwagika.

"Kaka, hii simu uliizika?"

"Ilianguka majini."

"Majini kuna maji. Hapa naona shamba."

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja aliyesimama nyuma yake. Kijana akageuka haraka kwa haya, na ule mfuko wake ukageuka naye. Ukapita juu ya gauni la yule mwanamke, gauni la kitani la rangi ya maziwa, ukaacha mchirizi wa tope kutoka kiunoni hadi pajani.

"Dada, samahani! Samahani sana jamani. Livue nikalifue."

"Nilivue hapa hapa?"

Ujia mzima ukacheka upya. Kijana alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikumaanisha hivyo."

"Najua. Tulia kaka, usije ukazirai bure." Mwanamke alikuwa na uso wa duara, nywele zimesukwa mistari myembamba, na jicho la mtu anayependa utani. "Una bahati umemchafua dobi. Nina duka la kufulia, barabara ya gereji. Tope kama hili kwangu ni kifungua kinywa."

"Basi niruhusu nije kuliona likishasafishwa. Nisilale na dhambi."

"Njoo. Na hizo nguo zako uje nazo. Ila sijui kama zinafulika, hizo naona zinalimwa."

Alikuja kesho yake, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Wakaongea juu ya kaunta mpaka shangazi wa dobi, mwenye duka, alipokohoa kwa nguvu nyuma ya pazia.

Kijana huyo alikuwa mwongozaji wa wageni wanaokuja kuvua kwa ndoano. Aliwapakia kwenye boti, akawapitisha katika njia za maji zilizojipinda katikati ya mikoko, akawaonyesha samaki wanapojificha. Wageni walimshika samaki, wakapiga naye picha, wakamrudisha majini. Lakini samaki walikuwa wamepungua, na waongozaji waliokuwa wakinyang'anyana wageni wakajikuta wanashirikiana. Walibomoa tuta la zamani lililozuia bahari isiingie kwenye kinamasi. Walizoa plastiki, wakapanda miche ya mikoko, na kila mgeni aliyepanda boti alilazimika kupanda mche kabla ya kushika ndoano. Polepole kaa wakarudi, na ndege nao wakarudi kuwafuata kaa.

Yeye ndiye aliyekuwa na ulimi wa kuwashawishi wenzake. Kwa dobi, hata hivyo, ulimi ulikuwa unamkwama, ila kwenye simu.

"Haloo, Bi Povu."

"Bwana Tope! Leo umenawa?"

"Nimenawa, nimesugua, nimejipulizia manukato. Dereva wa teksi kaniuliza naenda kuoa."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia bado naisubiri sabuni yangu ikubali."

"Ee! Sabuni yako tangu lini?"

"Tangu uniambie nguo zangu zinalimwa. Hakuna mtu aliyewahi kunitukana vizuri vile."

Dobi alicheka peke yake kati ya mashine, na wanawake wanaokunja mashuka wakakonyezana.

Siku moja ambayo boti haikuwa na wageni, mwongozaji alimchukua dobi. Dobi alikuja amevaa gauni refu la bluu na miwani ya jua, viatu mkononi. Asubuhi ilikuwa tulivu. Mwongozaji alizima injini, akatumia mti mrefu kuisukuma boti taratibu chini ya matawi, na maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba samaki wadogo walionekana wakipenya kwenye mizizi.

"Hii yote mmepanda ninyi?"

"Ile ya mbele, ndiyo. Huyu hapa nilimpanda mwenyewe." Aligusa jani nene lililong'aa. "Nikija na hasira huwa namsimulia."

"Umeshamsimulia habari zangu?"

"Amechoka kuzisikia."

Dobi akamrushia maji. Wakacheka, wakashikana mikono. Kisha boti ikaingia mkono mwingine wa maji, ule unaoelekea mjini, na mwongozaji akaacha kucheka. Huku miche ilikuwa imesimama mikavu, myeusi, kama vijiti vilivyochomekwa na watoto. Kwenye mizizi ya mikoko mikubwa kulikuwa na povu jeupe, jingi, likitikisika.

"Tumepanda hapa mara kwa mara, inakufa," alisema. "Maji yanatoka kwenye mtaro wa mvua, na mvua hainyeshi. Kuna mtu anamwaga kitu. Wenzangu wanasema ni gereji ile ya barabarani kwenu, maana juu ya maji unaona mafuta mafuta. Wewe unasikia harufu yoyote? Pua yangu imezoea samaki, haiaminiki tena."

Dobi aliisikia. Ilikuwa harufu tamu ya maua. Ndiyo harufu aliyoamka nayo kwenye mto wake, iliyokaa kwenye nywele zake hata akizifumua. Ilikuwa ni dawa ya kulainishia mashuka.

"Sisikii kitu," alisema.

"Basi turudi, Povu wangu. Usije ukaugua."

Jina lile, alilokuwa akilipenda, lilimchoma. Akavaa miwani yake, akakaa akitazama mikono yake hadi gatini.

Alimkuta shangazi anahesabu mashuka ya hoteli.

"Shangazi, lile bomba la nyuma linakwenda wapi?"

"Si ulikuwepo? Mtaroni."

Alikuwepo. Mwaka uliopita, shimo la maji machafu lilipojaa na hoteli ikawa inaleta mashuka kwa malori, fundi bomba alichimba kwa siri nyuma ya duka na kuunganisha bomba na mtaro wa mvua, akafunika kwa bamba la zege. Shangazi alisema ni kwa muda. Yeye dobi alimletea fundi maji ya kunywa, akarudi ndani kupiga pasi. Hakuwahi kujiuliza tena.

"Linaua mikoko, shangazi. Nimeona kwa macho yangu."

"Mikoko?" Shangazi aliweka shuka chini. "Mama, wanawake wote hawa humu ndani wana watoto. Tukifunga hilo bomba leo, kesho hoteli inakwenda kwingine. Utakwenda kuwaambia wewe? Na huyo kijana wako wa boti, akijua, atakupenda kwa lipi? Nyamaza tu. Nitalishughulikia taratibu."

Lile swali la kijana wa boti ndilo lililomfunga mdomo. Angeweza kujibu mengine yote.

Waongozaji waliitisha mkutano kwenye ukumbi wa ofisi ya mtaa. Viti vya plastiki vilijaa, watu wakasimama hadi nje madirishani. Mwongozaji alisimama mbele na chupa ya maji ya kijivu, shati jeupe, sauti yake thabiti. Dobi alikuwa ameketi karibu na ukuta, gauni la zambarau, mkoba umekumbatiwa kifuani. Alikuwa amemwahidi kuja, na alikosa kisingizio.

"Mtaro huu unapita barabara ya gereji," mwongozaji alisema. "Gereji ya kweli pale iko moja. Mimi simtaji mtu. Mtu mwenyewe anajijua."

Vichwa vyote vikamgeukia fundi gereji, mwanamume mnene wa makamo aliyekuja na mkewe. Akasimama, ameshika kofia yake.

"Mafuta yangu machafu yanakaa kwenye mapipa, yanachukuliwa na gari. Njooni muone. Yakidondoka machache uani, nakubali, lakini siyamwagi mtaroni."

"Mapipa ya maonyesho hayo!" alipaza sauti mwongozaji mwingine, aliyeitwa Redio kwa kutonyamaza kwake. Watu wakacheka.

Fundi akaangaza macho ukumbini, akitafuta uso anaoujua. Akauona.

"Dada dobi! Wewe jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mtaro wetu mmoja. Waambie hawa. Umewahi kuniona namwaga mafuta mle?"

Mwongozaji alimtazama kwa upole, akimtia moyo kwa kutikisa kichwa. Mke wa fundi alimtazama pia, tayari ameanza kutabasamu kwa shukrani.

Dobi aliukumbatia mkoba zaidi.

"Mimi..." alisema. "Mimi huwa niko ndani. Sijui."

Tabasamu la yule mama lilififia polepole. Fundi alisimama kidogo, kama anayesubiri sentensi iendelee. Haikuendelea. Akavaa kofia yake, akaketi.

Tangu siku hiyo magari yalipungua kwenye gereji. Mtu asiyejulikana aliandika MCHAFUZI kwa rangi nyekundu kwenye geti lake, na fundi alipolipaka upya, herufi zikaendelea kuonekana kwa mbali chini ya rangi mpya. Kila asubuhi dobi alipita pale akiwa ameinamisha kichwa kwenye simu isiyowaka.

Simu ilipowaka kweli, hakuipokea. Mwongozaji alipiga asubuhi, akapiga mchana, akatuma ujumbe wa utani, kisha ujumbe usio na utani. Mwishowe akaja mwenyewe, kutoka kazini moja kwa moja, buti zake miguuni, mfuko wa nguo za wageni mkononi.

"Mpenzi, simu yako ni mbovu au mimi ndiye mbovu?"

"Nina kazi nyingi tu."

"Basi nikusaidie. Nipitishe hizi huko nyuma, nizimwage kwenye beseni mwenyewe, zina tope..."

"Usipite nyuma!"

Alisema kwa sauti kubwa mno. Wateja wawili wakageuka. Shangazi akachomoza kwenye pazia, akaziona buti.

"Kijana, watu wa matope wanaishia kaunta. Huku kuna mashuka ya watu."

Mwongozaji alitazama chini, akaona nyayo zake nyeusi juu ya vigae vyeupe, kutoka mlangoni hadi aliposimama. Akamtazama dobi, akingoja amtetee hata kwa mzaha. Dobi alikuwa anatazama pazia, lile lililoficha mlango wa nyuma. Hofu yake yote ilikuwa kule.

"Nimeelewa," mwongozaji alisema. Aliuweka mfuko chini, akatoka akikanyaga juu ya nyayo zake zilezile ili asiongeze nyingine.

Jioni ile mwongozaji alipiga, na safari hii dobi alipokea.

"Niambie ukweli, sitakasirika," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ni harufu?"

"Harufu gani?"

"Yangu. Ya samaki, ya tope. Najisugua, lakini najua haitoki yote. Wateja wako ni watu wa heshima. Kama unaona aibu kuonekana na mimi, sema tu."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Dobi alikaa kitandani, simu sikioni, akausikia ukweli wote umekaa kwenye ulimi wake, mfupi, unasemeka.

"Nipe muda kidogo," alisema.

"Sawa," mwongozaji akajibu. "Sawa, mama. Ulale salama."

Simu ilipokatika dobi aliona ametenda kitu kibaya kuliko kile cha ukumbini. Kule alisema hajui. Hapa amemwacha mtu mwema aende akajisugue ngozi kwa ajili ya uchafu wa mwingine.

Na kweli alijisugua. Redio alimkuta bombani anajipiga jiwe la kusugulia mikononi mpaka wekundu ukatokea, akamwuliza ana upele. Akasema ndiyo, ni upele.

Wiki ikapita, na nyingine. Asubuhi moja mke wa fundi aliingia dukani. Alikuwa amevaa kanga iliyopauka kwa kufuliwa, na mkononi alibeba ovaroli ya mumewe, ya bluu, imeiva kwa grisi. Hakumsalimia dobi kwa uchangamfu wa zamani, lakini alisalimia.

"Nimejaribu mwenyewe nyumbani, haikubali," alisema. "Anakwenda kuomba kazi gereji ya mjini, kwa watu. Hapa kwake hakuna gari tena. Itakase vizuri, dada. Anataka aonekane mtu msafi."

"Nitaifua mimi mwenyewe," dobi alisema, kwa shida.

"Asante. Mungu akubariki."

Alipotoka, dobi aliichukua ovaroli ile akaenda nayo kwenye sinki kubwa la nyuma. Akatia maji ya moto, akatia sabuni, akasugua kola, akasugua mifuko, akasugua magoti. Grisi ikaachia kidogokidogo. Povu likapanda mpaka viwiko. Hatimaye ovaroli ikawa bluu safi, na sinki likabaki na maji meusi yenye povu jeupe juu. Akapeleka mkono kwenye kizibo ili ayaachie.

Mkono ukagoma. Kizibo kile kikivutwa, maji haya, uchafu uliotoka kwenye nguo za yule mtu, yangeshuka bombani, yakaingia mtaroni, yakaenda kumalizia kumsingizia. Alisimama pale, maji yakapoa, machozi yakamdondoka sinkini.

Kisha akaenda ukutani, akazima swichi kubwa. Mashine zote zikanyamaza kwa pamoja.

"Umeme umekatika?" shangazi aliuliza.

"Nimezima mimi. Shangazi, hakuna tone litakalopita kwenye lile bomba tena. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Lakini mimi nimemwona yule mama akiniombea baraka."

Shangazi alifungua mdomo kujibu, akautazama uso wa mpwa wake, akaketi juu ya rundo la mashuka. "Nilisema ni kwa muda," alisema. "Nilidhani ni kwa muda kweli."

Dobi aliipiga pasi ovaroli, akaikunja, akazunguka ukuta hadi gereji. Fundi alikuwa ameketi uani juu ya tairi kuukuu, mbele yake mapipa mawili ya mafuta machafu yamefungwa mifuniko, kama alivyosema. Dobi alimwambia yote akiwa amesimama, ovaroli mikononi. Bomba, povu, harufu. Fundi hakumkatiza.

"Nilikuuliza mbele ya watu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, kaka."

"Basi nijibu mbele ya watu."

Akaichukua ovaroli yake, akaingia ndani.

Jumamosi maji yalipokupwa, waongozaji na wakazi walikusanyika mikokoni kupanda tena. Dobi alikuwa amempigia mwongozaji usiku na asubuhi, akitaka asikie kwake kwanza. Hakupokea. Alikuwa anampa muda aliouomba.

Basi mwongozaji akamsikia kama walivyosikia wengine. Dobi alishuka topeni na gauni la kawaida la kijivu, akilishika kwa mkono mmoja, akazama hadi kwenye mashavu ya miguu. Fundi na mkewe walisimama ukingoni.

"Mkutanoni niliulizwa swali," alisema. "Nikasema sijui. Nilikuwa najua. Maji yanayoua hii miche yanatoka kwetu, duka la kufulia. Fundi hakumwaga kitu. Aliniomba nimtetee, nikamwacha asimame peke yake."

Hata Redio alitazama mikono yake. Mche mmoja ukaanguka kutoka kwenye kikapu cha mtu, hakuna aliyeuokota.

Mwongozaji alikuwa amepiga magoti akichimba shimo. Alisimama polepole. Dobi aliona jinsi anavyounganisha mambo kichwani: boti, miwani, pazia, ile simu. Aliona pia mikono yake iliyochubuka, na akajua imechubuliwa na nini. Hapo ndipo aibu ilipomshika kwelikweli, mbele ya umati wote, wala haikuwa kwa sababu ya umati.

Lakini mwongozaji hakumwendea. Alimwendea fundi.

"Mimi ndiye niliyesimama na chupa," alisema. "Nikasema simtaji mtu, nikakutaja. Nilijiona mjanja. Nisamehe, kaka."

Fundi alimtazama, kisha akamtazama dobi.

"Wewe ulikosea," alisema. "Yeye alijua."

Akamshika mkewe mkono, wakapanda ukingo, wakaenda zao.

Mwongozaji aliokota koleo lake. Alipompita dobi alisema kwa sauti ya kusikika na yeye tu, "Nilidhani nanuka."

"Najua."

"Uliniacha nidhani hivyo."

"Nilikuacha."

Akaendelea kutembea.

Mashine za dukani zilibaki zimezimwa. Hoteli ilipeleka mashuka kwingine, kama shangazi alivyotabiri, na wanawake wawili wakaacha kazi. Waliobaki walifua kwa mkono, kidogokidogo, huku uani kukichimbwa mashimo mapya: la kutulizia maji, la kuchujia kwa kokoto na mchanga, na bwawa refu la matete. Michoro ilitoka kwa mtaalamu wa maji aliyekuwa rafiki wa waongozaji. Wachimbaji walikuwa waongozaji wenyewe. Redio alifika siku ya kwanza na sururu begani, akasema, "Tukikuacha uchimbe peke yako, mikoko itakufa tunakusubiri," na hakuongeza neno mpaka mchana, jambo ambalo wenzake walilisimulia kwa muda mrefu.

Mwongozaji alikuja siku ya tatu. Alichimba, akala na wenzake, akaondoka. Kwa dobi alisema habari za asubuhi na kwaheri. Shangazi ndiye aliyewapitishia maji ya kunywa, na alipomfikia mwongozaji alisita na glasi mkononi.

"Kijana, pita na buti zako popote," alisema. "Nilikosa adabu."

"Yameisha, shangazi."

Boti za waongozaji zikaanza kupelekwa kwa fundi, injini zote, hata zisizo mbovu sana. Fundi alizitengeneza, hakuuliza kwa nini zimekuja, wala hakwenda tena kuomba kazi mjini. Dobi alimsalimia kila asubuhi getini. Siku nyingi hakujibu. Siku moja alisema, "Salama," akaendelea kufungua boliti.

Siku ya kupanda matete, wengine walishaondoka. Jua la alasiri lilikuwa linachoma, na dobi alikuwa ndani ya bwawa jipya, gauni limefungwa kiunoni, tope hadi mapajani. Mwongozaji alikuwa anampokeza miche ya matete kutoka juu.

"Shika chini, usishike shingo," alisema. "Utaliua."

"Nimeshaua mengi. Moja zaidi..."

"Usiseme hivyo."

Dobi akasimama. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya mwongozaji kwake isiyo salamu wala ya kazi.

"Kwa nini unakuja?" akamwuliza. "Kama ni kwa ajili ya mikoko, wenzako wanatosha."

Mwongozaji aliketi ukingoni, miguu inaning'inia. "Nilikasirika. Bado nina hasira, sikufichi. Usiku ule ulivyosema nipe muda, nilizima taa nikajinusa kama mbwa. Mtu mzima! Lakini nikikaa nyumbani na hasira yangu, nakumbuka na mimi nilivyosimama na ile chupa. Watu walinipigia makofi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, na fundi wa watu amerudi kupaka geti. Sasa nitakuhukumu mimi?"

"Wewe hukujua."

"Sikutaka kujua. Nilitaka mtu wa kumwonyesha."

Dobi alijifuta uso kwa mkono wa tope, akajipaka zaidi. Mwongozaji alijizuia kucheka, akashindwa.

"Unacheka nini?"

"Wewe. Dobi gani atakupokea hivyo?"

Akacheka na yeye, kicheko kifupi chenye kilio ndani. Mwongozaji akateremka bwawani, akasimama mbele yake, matope yakiwanyonya miguu wote wawili.

"Niolewe nawe," alisema, kisha akashtuka. "Hapana, nimekosea. Uolewe nami. Unaona? Ulimi huu kwako haufanyi kazi."

"Usinitanie na hilo."

"Sitanii."

"Mimi bado naona aibu hata kukutazama."

"Usinitazame. Nijibu tu."

"Watu watasema umeoa yule wa maji machafu."

"Na wewe watasema umeolewa na yule aliyemsingizia fundi. Mtaa mzima unatujua, mpenzi. Hatuna wa kumdanganya tena."

Dobi aliishika ile mizizi ya matete mkononi kama mtu aliyesahau kazi yake. "Nitakujibu," alisema, "lakini twende mahali kwanza. Hivi hivi tulivyo."

Walitoka bwawani, wakazunguka ukuta na tope lao. Shangazi, akianika mashuka machache, aliwaona wakipita wameshikana mikono, akafungua mdomo, akaufunga. Mbele ya geti la gereji dobi alisimama. Ndani nyundo ilikuwa inagonga chuma.

"Asipotaka?" mwongozaji alinong'ona.

"Atakuwa hakutaka. Sisi tutakuwa tumekuja."

Akagonga. Nyundo ikanyamaza. Hatua zikaja polepole, geti likafunguka, na fundi akasimama pale na ovaroli yake, mkewe akichungulia nyuma ya bega lake. Akawatazama kuanzia nyayo hadi vichwani.

"Kuna nini tena?"

"Kaka, shemeji," dobi alisema. Uso ulikuwa unamwaka moto, lakini aliwatazama wote wawili. "Huyu ameniomba tuoane, na mimi nakubali. Hatujamwambia mtu mwingine, hata shangazi. Tumeanza kwenu. Tungependa mje, kama mtaweza. Kama hamwezi, tutaelewa."

Mwongozaji alimgeukia ghafla, maana ndivyo alivyojua amekubaliwa.

Fundi hakutabasamu. Alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta vidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Mkewe alimgusa mgongoni kidogo tu.

"Lini?" fundi akauliza.